Sitara ya Ghorofa ya Nne

1

Kamera ya nguzo ya pili ilikuwa imejaa vumbi tena. Nyemo Mwaluko alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akapuliza utando wa buibui uliotandwa mbele ya lenzi, kisha akaanza kufuta taratibu kwa kitambaa laini. Majira ya upepo Dodoma kazi yake haikuwa na mwisho. Akimaliza ghorofa ya juu kabisa ya maegesho ya Mnadani, ya chini inakuwa imeshachafuka.

Alisikia gari likipanda kutoka ghorofa ya tatu. Akageuza shingo, akaliona likikata kona: gari jeusi, refu, vioo vya giza. Kisha akaangalia kishikwambi kilichoning'inia kiunoni mwake, ambacho kilionyesha kila kitu kamera za ghorofa ile zilichokiona. Kwenye kishikwambi hapakuwa na gari. Palikuwa na sakafu tupu, nguzo, na dimbwi dogo lililoachwa na waosha magari. Ghafla maji ya dimbwi yakaruka huku na huku, yenyewe, bila kukanyagwa na chochote. Halafu yakatulia.

Gari likasimama. Akashuka mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, kiatu kinang'aa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekakamaa ubavuni na haukucheza alipotembea. Punda mmoja alikuwa tayari anakuja kulichukua gari. Punda ndilo jina ambalo watu wa mji walizipa zile mashine bapa za chuma zilizojipenyeza chini ya gari, zikalinyanyua na kwenda kulipanga mahali pake. Punda hawakuwa na macho yao wenyewe. Waliona kwa kamera za Nyemo.

Mwanamume alikatiza mbele ya punda bila kumtazama, kama walivyofanya watu wote. Punda akasimama, akangoja, akaendelea.

“Pole na kazi, fundi,” alisema alipofika chini ya ngazi.

“Nimeshapoa, mheshimiwa.”

“Vumbi la mwaka huu limezidi.”

“Limezidi.”

Akaenda zake kwenye lifti. Nyemo aliendelea kuifuta lenzi iliyokwisha kutakata. Alifuta mpaka kidole gumba kikamuuma, maana alijua akiacha kufuta atashuka na kumrukia yule mtu shingoni, na hilo halingemsaidia chochote.

Jina lake lilikuwa Gaudensi Mlowe. Hapo hapo, chini ya kamera hiyo hiyo, ndipo alipomgonga kaka yake Nyemo na kumwacha afe.

2

Sefania Mwaluko alikuwa akiosha magari ghorofa ya nne. Alikuwa mtu wa maneno mengi, asiyeweza kumwacha mtu apite bila salamu, na ndoo yake ya bluu alikuwa ameichora jina lake kwa rangi ya kucha aliyomwibia dada yake. Siku aliyokufa, polisi waliwaita Nyemo na mama yake wakaangalie picha. Nyemo alikuwa bado fundi wa kamera za stendi ya mabasi wakati huo, na alizijua picha kama mpishi anavyojua chumvi. Lakini hakuwahi kuona picha kama ile.

Sefania anatembea na ndoo yake. Anageuka, anatabasamu, ananyoosha mkono juu kumsalimu mtu ambaye hayupo. Kisha anarushwa. Hakuna kinachomgusa. Anaruka kama kitambaa kilichopulizwa na upepo, anaipiga nguzo, anaanguka. Ndoo inabiringika hadi mwisho wa picha.

“Amejirusha,” alisema afisa wa upelelezi. “Mnaona wenyewe. Tumekuta pia alikuwa amekunywa.”

“Mtu hajirushi hivyo,” Nyemo alisema.

“Dada, mimi ninasema kilichoonekana.”

Na huo ulikuwa ndio mwisho wa maneno. Mahakama zilikuwa zimeshaacha kupokea ushahidi wa macho ya binadamu. Mtu husahau, mtu huhongwa, mtu huona anachotaka kuona. Kamera haina hayo. Ndivyo sheria ilivyosema, na watu walikuwa wameizoea kiasi kwamba hata majirani wakigombana, mmoja husema tu, “Twende tukaangalie,” na ugomvi ukaishia hapo. Kanisani mchungaji alizungumza juu ya ulevi kwenye mazishi. Mama yao alitoka nje kabla sala haijaisha, na tangu siku hiyo hakurudi tena katika kanisa lile.

Nyemo aliomba uhamisho wa kwenda maegesho ya Mnadani. Wenzake walidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Alijua ni kitu gani peke yake kinachoweza kumrusha mtu bila kuonekana, na alitaka kukaribia mahali kinapokaa.

Kitu hicho kiliitwa sitara. Ilikuwa kipande kidogo kuliko ukucha, kimefungwa shingoni mwa kila kamera ya nchi. Kazi yake ilikuwa kumwondoa mtu kwenye picha kabla picha haijahifadhiwa: mtu mwenyewe, nguo zake, gari lake. Picha zake hazikufichwa mahali, hazikuwahi kuwapo. Sitara ilianzishwa kwa ajili ya mashahidi waliotishiwa kuuawa, na wanawake waliowakimbia waume wenye visu. Ombi lilisikilizwa na majaji, na aliyekubaliwa alipita nchini kama pumzi.

Kulikuwa na kasoro moja ambayo mafundi waliijua kwa sababu ilikuwa kazi yao. Punda hawawezi kuruhusiwa kumkanyaga mtu kwa kuwa tu ana sitara. Kwa hiyo kamera iliwapelekea punda kivuli: umbo tupu, halina uso, halina jina, la kuwaambia hapa pana kitu, simama. Punda walivihifadhi vivuli hivyo katika kumbukumbu zao ili kujifunza njia, na hakuna aliyejali kuvifuta.

Punda aliyekuwa zamu siku Sefania alipokufa alikuwa ameharibika na kutupwa stoo. Nyemo alimfungua mgongo, akaunganisha kishikwambi chake, akaketi kwenye boksi la nyaya kuangalia.

Aliona kivuli kirefu cha gari kikipanda kwa kasi. Aliona umbo la mtu mwenye ndoo likirushwa. Kisha kutoka kwenye gari kikashuka kivuli cha mtu. Kikatembea hadi alipolala Sefania, mkono mmoja ukicheza na mwingine umelala ubavuni kama gogo. Kikasimama. Umbo lililokuwa chini likainua mkono. Kivuli kikaendelea kusimama. Mkono ukashuka, ukainuka tena, mara hii chini zaidi. Kivuli hakikuinama, hakikuita mtu. Kilingoja mpaka umbo la chini halikusogea tena kabisa, ndipo kikarudi garini na kuondoka.

Nyemo hakulia. Alirudisha nyuma, akaangalia tena pale mkono ulipoinuka.

3

Afisa wa Ofisi ya Sitara alikuwa msichana mpole mwenye sauti ya chini. Aliviangalia vivuli vyote hadi mwisho, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu.

“Ninakuamini,” alisema. “Lakini kivuli hakina jina. Sheria inanikataza kukipa jina maadamu sitara imesimama.”

“Ninyi mnajua ni nani.”

“Mfumo unajua. Mimi sijui, na nikitafuta ninafungwa.”

“Nani anaweza kuifungua?”

“Mwenyewe tu. Kwa sauti yake, mbele ya kamera inayofanya kazi. Akisema anaifungua, ataonekana tangu dakika hiyo, na kila kivuli chake cha zamani kitapata jina. Hata hicho.” Alikirudisha kishikwambi kwa mikono miwili. “Sijawahi kuona mtu akiifungua, dada yangu. Nani afungue?”

Kumtambua Mlowe hakukumpa taabu. Sitara ilimficha mtu kwa kamera, haikumficha kwa macho. Nyemo alisimama ghorofa ya nne na kuangalia, kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiifanya tena, na kabla wiki haijaisha akauona ule mkono usiocheza ukishuka kwenye gari jeusi.

Alipojua jina lake ndipo alipozidi kuumia. Maana Gaudensi Mlowe hakuwa mwizi aliyejinunulia giza. Miaka ya nyuma alisimama mahakamani peke yake akawataja watu waliokuwa wakiuza dawa bandia za watoto. Waliichoma nyumba yake moto. Mkono ule uliungulia humo. Watu wa Dodoma walimsifu. Mama yake Nyemo mwenyewe aliwahi kumwombea kwa jina. Wale watu walikuwa bado wanamtafuta, na kama kulikuwa na mtu mmoja nchini aliyestahili sitara, alikuwa yeye.

Nyemo aliyapima hayo yote. Kisha alikumbuka mkono ulioinuka mara mbili.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameketi na Tausi, fundi mwenzake, kwenye chumba chao kidogo karibu na mitambo. Tausi alikuwa mkubwa wake kwa umri, mnene, mcheshi, na alikuwa na sitara. Aliipata baada ya mumewe kumfuata mikoa mitatu. Nyemo alizoea kufanya kazi na mtu ambaye kishikwambi kilimwonyesha kama bisibisi inayoelea hewani.

“Kesho tunahudumia ghorofa ya nne,” Tausi alisema akimega ugali. “Tunafunga mnyororo wa kuzuia watu asubuhi?”

“Nitahudumia peke yangu. Wewe pumzika, mgongo wako haujakaa sawa.”

Tausi aliacha kutafuna. “Ukiiweka kamera kwenye ukarabati, haitoi hata kivuli. Unajua.”

“Ninajua.”

“Watu wa kawaida wana bangili zao za utambulisho mkononi, punda atazisikia. Mimi sina bangili. Wenye sitara hatuna. Kama mnyororo haukufungwa na mmoja wetu akapita, punda ataenda naye.”

“Ninajua, dada Tausi.”

“Ninakuambia kwa sababu ya unavyomtazama yule mheshimiwa wa gari jeusi.” Tausi alinawa mikono yake pole pole kwenye bakuli. “Sikuulizi amekufanyia nini. Ila mimi niko hai kwa sababu ya kile kivuli kidogo. Usikichezee.”

Nyemo alimwambia amesikia. Na kweli alikuwa amesikia. Jioni alikwenda kuangalia mpango wa zamu, akahakikisha kwamba kesho yake Tausi atakuwa ghorofa ya saba, mbali na punda wa ghorofa ya nne.

4

Asubuhi ilikuja na upepo. Vumbi jekundu liliingia kwa pande zote za jengo na kufanya mwanga uwe kama wa chai ya rangi. Nyemo aliegemeza ngazi kwenye nguzo ya pili. Mnyororo wa kufungia ghorofa aliuacha umekunjwa ndani ya boksi la zana.

Gari jeusi likapanda, likasimama mahali pake. Mlowe akashuka, akajipangusa vumbi begani kwa mkono wake mzima, akaanza kutembea kuelekea lifti.

Kidole cha Nyemo kilikuwa juu ya kishikwambi. Aliwahi kuota dakika hii mara nyingi. Aligusa neno *ukarabati*. Taa ndogo ya kijani kwenye kamera ikazimika.

Punda alikuwa akitokea upande wa pili wa nguzo, amebeba gari jeupe la mtu. Mlowe alimsikia, kwa hakika alimsikia, maana punda wana mlio wao wa kukwaruza. Hakuharakisha. Hakuna mtu aliyekuwa ameharakisha mbele ya punda tangu vitu hivyo viletwe mjini. Alipogeuza kichwa ilikuwa ni kwa kushangaa tu, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua, na wakati huo ukingo wa chuma ulikuwa umeshamfikia magotini.

Hakupiga kelele nyingi. Alianguka ubavu, mguu mmoja ukanaswa kati ya punda na nguzo. Punda akahisi amezuiwa, akasimama. Akarudi nyuma kidogo, kisha akasukuma tena. Ndivyo punda walivyofanya wakikuta tofali au tairi: hujaribu, hungoja, hujaribu.

Nyemo alishuka ngazi. Alishuka bila haraka, akiangalia anapokanyaga.

“Zima,” Mlowe alisema. “Fundi, izime hii mashine.”

“Unanijua mimi?”

“Wewe ni fundi wa kamera. Zima, tafadhali.”

“Mimi ni dada yake Sefania.”

Hakuuliza Sefania ni nani. Hilo Nyemo hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana, au atakayekuwa amesahau. Mlowe alifumba macho, na punda aliposukuma tena alitoa sauti kama ya mtu anayeinua mzigo.

“Aliinua mkono,” alisema. “Alitokea nyuma ya nguzo, akainua mkono. Nilidhani wamenipata. Nikakanyaga mafuta.”

“Alikuwa anakusalimu.”

“Niliiona ndoo baadaye.”

“Baadaye ulisimama.”

“Ndiyo.”

“Alikuwa hai, na wewe umesimama.”

“Ningeita msaada wangeniuliza jina. Ningekuwa kwenye picha, kwenye kesi. Wangejua ninapoegesha, ninapofanya kazi. Wana watu kila mahali.” Alihema. “Nilijiambia akiinua mkono mara ya tatu nitaita. Hakuinua.”

Nyemo alikuwa ameyataka maneno hayo, na sasa alikuwa nayo, na hayakuwa na faida yoyote, kwa sababu aliyeyasikia ni yeye peke yake na masikio yake ya nyama.

“Fungua sitara yako,” alisema.

Mlowe alimwangalia. “Wataniua.”

“Labda. Sema maneno.”

“Ninafungua,” alisema haraka, punda alipoanza kusogea tena. “Mimi, Gaudensi Mlowe, ninafungua sitara yangu. Haya. Zima.”

Nyemo aliinua macho akaitazama kamera. Taa ilikuwa imezimika. Kamera haikuwa imeona wala kusikia. Hapo ndipo alipotambua jambo ambalo katika kupanga kwake kote hakuwa amelifikiria: ili maneno yale yahesabike, ilibidi aiwashe kamera kwanza. Akiiwasha, punda ataona kivuli na kusimama, na mtu huyu atakuwa salama na ulimi wake mwenyewe, wa kusema au kunyamaza. Asipoiwasha, kwa misukumo mingine miwili mitatu atakufa. Hatakuwapo kwenye picha yoyote, na hakuna mahakama itakayoweza kumgusa Nyemo. Angekufa kama hewa. Na Sefania angebaki mlevi aliyejirusha.

Punda akasukuma. Mlowe akapiga kelele kwa mara ya kwanza.

Nyemo alitaka afe. Hilo alikuja kulieleza baadaye bila kuficha, kwa kila aliyemuuliza. Alilitaka kwa mwili mzima, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na kidole chake kilikaa juu ya kioo cha kishikwambi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kilichomshinda haikuwa huruma. Ilikuwa ni mama yake, anayekwenda sasa kusali peke yake chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu ya neno moja la mchungaji.

Akagusa kioo. Taa ya kijani ikawaka. Punda akasimama pale pale, akaurudisha nyuma mwili wake wa chuma, akaenda kutafuta njia nyingine.

“Sema tena,” Nyemo alisema. “Sasa inasikia.”

Mlowe alikuwa ameegemea nguzo, uso umekuwa wa majivu. Alitazama taa ya kijani. Alitazama punda anavyokwenda. Kisha akafunga mdomo.

“Sema.”

“Niitie gari la wagonjwa,” alisema taratibu.

“Sema kwanza.”

“Niitie. Wewe si mtu wa kuacha mwenzako afe. Ungekuwa mtu huyo usingeizuia mashine.”

Damu ilikuwa inatoka chini ya suruali ya kijivu na kutambaa sakafuni. Nyemo alichuchumaa, akakigeuza kishikwambi na kukiweka mbele ya macho yake.

“Tazama,” alisema.

Kwenye picha palikuwa na ghorofa ya nne, vumbi jekundu, ngazi iliyoegemezwa. Nyemo amechuchumaa, akizungumza na nguzo. Hapakuwa na mtu mwingine. Sakafuni tu, mahali pasipo na kitu, doa jeusi lilikuwa likizaliwa na kukua lenyewe.

“Watu wa uokoaji wanaongozwa na picha hii,” Nyemo alisema. “Walinzi wanaangalia picha hii. Bangili huna. Sasa hivi mimi ni fundi ninayefanya kazi yangu, niko peke yangu. Naweza kupanda ngazi nikafute kamera ya tatu. Hakuna atakayeniuliza. Hata mimi nikitaka kusema nilikuona hapa, nani ataniamini?”

Mlowe aliangalia picha. Alijitafuta humo, Nyemo aliyaona macho yake yakitafuta, kutoka pembe hii hadi ile, na yakirudi kwenye doa.

Nyemo akasimama. Hakuondoka. Aliiacha mikono yake ilale ubavuni, akasimama juu yake na kungoja.

Mlowe aliinua mkono wake mzima kidogo kutoka sakafuni. Nyemo aliuona, na hakusogea.

“Mimi, Gaudensi Mlowe,” alisema. Akaishia hapo, akaanza upya. “Mimi, Gaudensi Mlowe, ninafungua sitara yangu kwa hiari.” Alimtazama Nyemo alipolitamka neno la mwisho.

Taa ya kijani ya kamera ikageuka nyeupe. Kwenye kishikwambi, pale kwenye doa, mtu akatokea: suti ya kijivu, mguu uliovunjika, uso uliozeeka kuliko Nyemo alivyodhania. Na king'ora cha ajali kikaanza kulia jengo zima, kwa sababu kwa mara ya kwanza jengo lilikuwa limemwona mtu aliyeumia.

“Ungeniacha,” Mlowe alisema chini ya kelele zile. Hakuwa anauliza.

“Ndiyo.”

5

Watu wa uokoaji walifika haraka, wakamfunga mguu, wakamwinua. Walipokuwa wakimbeba, kijana mmoja kati yao alimtambua na kumwita mheshimiwa, halafu akakumbuka mwenyewe maana ya kumtambua na akaanza kuangalia huku na huku kwenye vivuli vya magari. Askari polisi walikuja nyuma yao. Mkubwa wao, sajini mwenye miwani aliyeitwa Chidosa, alipokea ujumbe sikioni, akausikiliza kwa muda, akamgeukia Nyemo.

“Ofisi ya Sitara wanasema kivuli kimoja cha humu kimepata jina. Kuna kifo ndani yake.”

“Ni cha kaka yangu.”

“Basi kesi yake inafunguliwa upya leo.” Alivua miwani akaifuta vumbi. “Na hii ya leo? Kamera ilikuwa imezimwa. Mnyororo haukufungwa. Ulisahau?”

Alimpa neno hilo kwa upole, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Nyemo alilielewa. Angeweza kuketi juu yake na kesho yake akarudi kazini na barua ya onyo.

“Sikusahau,” alisema. “Niliizima nikimwona anapita. Nilitaka punda amuue. Kisha nilisimama hapa nikingoja, kama yeye alivyongoja. Andika hivyo.”

Chidosa hakuandika mara moja. “Kwa nini unaniambia?”

Nyemo alijaribu kutafuta jibu la kweli. Kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza ni moyo wa namna gani unaoweza kusimama juu ya mtu anayekufa na usifanye kitu. Alidhani lazima uwe umetengenezwa kwa kitu kingine, si kama cha watu. Leo alikuwa amesimama hapo mwenyewe, na lilikuwa jambo jepesi. Miguu ilisimama tu. Hilo lilimtisha kuliko jela, lakini hakujua namna ya kulisema kwa sajini.

“Nikinyamaza nitakuwa nimejiwekea sitara,” alisema mwishowe.

Walimruhusu kukusanya zana zake. Alikuwa akikunja ngazi alipomwona Tausi kwenye mlango wa ngazi za kupandia, ameshika kifua, amekimbia kutoka ghorofa ya saba. Tausi aliitazama damu kwenye nguzo. Aliutazama mnyororo ndani ya boksi, ungali umekunjwa.

“Sitara zetu,” alisema. “Ziko salama?”

“Ni yake tu. Na aliifungua mwenyewe.”

“Lakini uliizima. Mwenye sitara yuko chini, na wewe ukaizima.”

“Nilihakikisha uko juu, dada Tausi. Niliangalia zamu. Nisingekugusa wewe.”

“Najua,” Tausi alisema. “Leo uliangalia.”

Nyemo alipiga hatua kumwendea, na Tausi, aliyekuwa amemkumbatia kila asubuhi tangu wafahamiane, akarudi nyuma hatua moja. Haikuwa kwa hasira. Ulikuwa mwili wake uliorudi wenyewe, namna ulivyojifunza kurudi mbele ya mtu mwingine, miaka ya nyuma. Tausi mwenyewe alishtuka kuona amefanya hivyo.

Kisha akageuka. Punda mtupu alikuwa akipita katikati ya ghorofa kwenda kulichukua gari jeusi. Tausi alimngoja apite mbali kabisa, na hata baada ya hapo hakukatiza katikati. Alizunguka kwa kufuata ukuta, kiganja kimegusa saruji, akimtazama punda kwa jicho moja na Nyemo kwa jicho la pili, mpaka alipoufikia mlango wa upande wa pili na kutoka.

Nyemo alisimama akiangalia ule mlango unavyojifunga. Hakujuta kwa ajili ya Mlowe, wala hakuja kujuta. Alimpa sajini boksi la zana, akanyoosha mikono afungwe pingu.